Hakuna Anayekaa Chini Hapa

Bibi yake Tanvir alisema hapana.

Hakupiga kelele, hakulia, hakususia chakula. Alisema kama mwenye duka anavyomwambia mteja kwamba sukari imeisha. "Mughal anaoa Mughal," akasema, kisha akaendelea kupepeta mchele wake.

Tena sababu haikuwa dini. Kwao Kemilembe, msichana ambaye Tanvir alitaka kumwoa, ni Kamachumu huko Kagera, na wanaswali tangu enzi za babu wa baba yake. Rangi nayo ilikuwamo sebuleni siku ile, tusidanganyane, ilikaa na wageni ikanywa chai. Lakini si yenyewe iliyosema hapana. Kilichosema hapana ni jina. Mughal. Wenyewe wanaita biradari, yaani watu wenu wa damu, mnaooana na kuzikana wenyewe kwa wenyewe, tangu huko Panjabu ya Pakistani mpaka hapa Mwanza, ambako familia ile ilikuwa kizazi cha tatu ikichonga shafti na propela za mitumbwi.

"Mughal ni nini?" Kemilembe alimuuliza Tanvir.

Walikuwa wamesimama uani, nyuma ya karakana, palipokuwa na rundo la vyuma chakavu na mpapai mmoja ambao haukuzaa. Juu ya karakana ndiyo nyumba. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na harufu ya vitunguu ilikuwa inashuka.

"Ni sisi," Tanvir alisema.

"Ninyi ni nani?"

"Kemi, bwana! Mughal ni Mughal. Wafalme wa India wa zamani. Dadi anasema tunatoka huko." Dadi ndivyo anavyomwita bibi yake mzaa baba.

"Wafalme wanachomelea matoroli?"

"Wafalme waliofilisika."

Kemilembe alicheka, lakini swali halikuondoka. Kazi yake ni kukagua samaki kiwandani. Mtu anayefunua mashavu ya sangara kutwa nzima ili ajue alivuliwa lini hawezi kuambiwa "ndivyo ilivyo" akaridhika. Hata walivyokutana ni kwa maswali. Shafti ya mashine ilikatika kiwandani, yeye akatumwa kuifuatilia kwa fundi, akakaa pale asubuhi nzima akiuliza kwa nini chuma kikipata moto kinakuwa cha njano kabla hakijawa cha bluu. Tanvir alijibu yote. Alipomaliza kujibu alikuwa ameshapenda.

"Baada ya Idi kuna wageni," Tanvir alisema, macho yakiwa chini. "Binti mmoja wa Mughal anakuja na mama yake kutoka Nairobi. Wanakuja kututembelea."

"Kuwatembelea, au kukutazama?"

Alikuwa anafuta mikono. Tanvir ana tabia hiyo: hamgusi Kemilembe mpaka afute mikono kwa kitambaa muda mrefu, kidole kimoja kimoja, hata kama ataishia kumgusa kiganja tu. Kemilembe alijikuta anakipenda kile kitambaa kichafu kuliko zawadi zote alizowahi kupewa.

"Kunitazama," alisema.

"Utavaa shati gani?"

"Kemi, usinifanyie hivyo."

"Nauliza tu."

Akamshika mkono. Walitazamana, wakaacha kutazamana, kwa sababu dirisha la jikoni liko wazi na Dadi ana masikio.

"Kuna kitu sijakielewa," Kemilembe alisema polepole. "Siku ile niliyopiga magoti."

Siku ile ilikuwa ya kwanza yeye kupanda ngazi zile. Mhaya aliyelelewa vizuri akimsalimia mkubwa anapiga magoti, na Kemilembe alilelewa vizuri. Alipiga magoti, akatoa shikamoo, na kwa kuwa kochi lilikuwa limejaa nguo zilizotoka kufuliwa, akakaa hapohapo kwenye zulia, miguuni pa bibi kizee. Wakati huohuo Tanvir akasema kwa furaha, "Dadi, huyu ndiye Kemi."

Bibi alikauka uso. Halafu akamshika Kemilembe mkono kwa nguvu ambayo hungeitegemea kwa mtu wa umri ule, akamvuta juu. "Inuka! Inuka haraka! Hakuna anayekaa chini hapa!" Na tangu siku hiyo hajawahi kumwita Kemi. Anamwita Kemilembe, lote, kama mtu anayelisoma kwenye kibao.

"Dadi ndivyo alivyo," Tanvir alisema. "Hata mafundi wakila mchana anataka wakae kwenye benchi. Siku moja Malimi alikaa chini na sahani yake ya ugali. Dadi alimbebea kiti mwenyewe kutoka juu, na magoti yake hayo."

"Mfalme gani anambebea fundi kiti?"

Tanvir akachukua tena kitambaa chake.

*

Hapana ya pili ilitoka Igoma, kwa baba yake Kemilembe, na ilitokana na jina lilelile.

Mzee Rwehumbiza ni fundi baiskeli mstaafu, mtu wa maneno machache na kofia moja. Kabla hajaambiwa habari ya Mhindi alikuwa ameshaisikia kwa majirani, na hakuwa na neno. Tanvir alikwenda Jumapili, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alisalimia vizuri, akanywa chai, akala ndizi akaongeza. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ndipo mzee akauliza kile ambacho Mhaya yeyote angeuliza.

"Na ukoo wenu ni upi, kijana?"

"Mughal, mzee."

"Ndio akina nani hao?"

Tanvir alitaka kupendwa. Akakaa sawa kwenye kiti. "Ni ukoo wa kifalme, mzee. Watawala wa zamani."

Mzee Rwehumbiza aliweka kikombe mezani.

"Kemilembe."

"Abee, Taata."

"Uliniambia unataka kuolewa na Mhindi."

"Ndiyo, Taata."

"Sasa mbona huyu ananiambia yeye ni Mhinda?"

Kemilembe alijua hapo hapo kwamba wameharibikiwa. Wahinda ndio ukoo wa watawala wa Uhaya, na mzee alikuwa na yake moyoni juu yao.

"Sikia, kijana," alisema, wala hakupandisha sauti. "Baba yangu alilima shamba la Mhinda maisha yake yote. Mikungu mizuri ilikwenda ikulu, sisi tulikula inayobaki. Mhinda akipita, baba anakaa chini. Kwenye nyasi, kwenye tope, popote. Nilimwona kwa macho yangu. Niliapa kwamba mtoto wangu hataingia kwenye nyumba inayojiita ya kifalme, ya Kihaya, ya Kihindi, wala ya malaika. Mhindi sina shida naye. Mhinda, hapana."

"Lakini mzee, ufalme wenyewe ulikwisha zamani..."

"Mbona wewe bado unautaja?"

Tanvir alishukuru kwa chai. Aliondoka na shati lake. Kemilembe alimsindikiza mpaka kwenye gari, wakasimama pale, watu wawili waliokataliwa kwa jina moja: kwao Tanvir kwa sababu Kemilembe hakuwa nalo, kwao Kemilembe kwa sababu Tanvir alikuwa nalo.

"Naweza kuacha kulitumia," Tanvir alisema. "Naweza kuitwa Tanvir tu."

"Bibi yako hawezi. Na mimi nataka kujua kwa nini."

*

Jumamosi Kemilembe alikwenda peke yake, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna ambayo kwao hupewa mgeni wa heshima.

Aliyemfungulia mlango ni Nasreen, shangazi yake Tanvir, mama mwembamba aliyezeeka nyumbani kwao bila kuolewa. Ndiye aliyekuwa akipika, kufua, na kumkata kucha mama yake.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba. Usipige magoti tafadhali, atanisumbua mimi siku nzima." Alitabasamu kidogo. "Yuko sebuleni. Naleta chai."

Dadi alikuwa amekaa kwenye kiti chake chenye mikono, shuka nyeupe begani. Alikipokea kifurushi, akanusa, akatafuna punje moja, akakunja uso, akatafuna ya pili.

"Umekuja kunibembeleza?" aliuliza.

"Hapana, Bibi. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Kwa nini huniiti Kemi?"

Chini Malimi alikuwa anagonga chuma. Bibi aligeuza kichwa, akasikiliza, akapaza sauti kuelekea dirishani: "Malimi! Kimepoa hicho, rudisha motoni!" Kisha akamgeukia Kemilembe kana kwamba hakusema kitu.

"Kemilembe ni jina zuri. Kwa nini ulikate?"

"Wote wanalikata, Bibi. Wewe peke yako unahangaika nalo lote."

"Lina maana?"

"Kwetu mirembe ni amani. Kemilembe ni mtu wa amani. Na hilo fupi, kwenu, lina maana gani?"

"Nani kakuambia lina maana?"

"Uso wako, Bibi. Siku ile Tanvir alipolitaja."

Bibi kizee alitafuta punje nyingine ya kahawa. Kemilembe hakumharakisha. Kiwandani alijifunza kwamba ukimfinya samaki sana unaharibu ulichokuja kukitazama.

"Kammi," Dadi alisema mwishowe. Alilitamka tofauti kidogo, kwa haraka, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. "Masikio yangu ni mazee. Niliona msichana amekaa chini miguuni pangu, na mjukuu wangu anaona fahari anasema, Dadi, huyu ndiye kammi. Nilidhani Mungu amenifuata mpaka Mwanza."

"Kammi ni nani?"

"Mtu wa kazi. Mtu wa kijiji asiye na shamba. Kinyozi, mfinyanzi, mshona viatu, mhunzi. Kule kwetu mwenye shamba anakaa kwenye kitanda cha kamba, kammi anakaa chini. Hata kama kammi ana mvi, na mwenye shamba ndiyo kwanza ameota ndevu." Alishika mkono wa kiti. "Baba yangu alitengeneza kila jembe la kijiji kile. Kijana wa mwenye shamba akija, baba anainuka kwenye kitanda chake mwenyewe, kwenye nyumba yake mwenyewe, anakaa chini. Mimi nasimama mlangoni. Naona kisogo cha baba yangu."

"Baba yako alikuwa mhunzi," Kemilembe alisema.

"Lohar." Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki kooni. "Lohar ni mhunzi. Sisi ni Lohar. Meli ilipotoka Karachi tulikuwa Lohar, ilipofika Mombasa tulikuwa Mughal. Marehemu mume wangu aliniambia melini, nikiwa bado bibi harusi: kuanzia leo ukiulizwa, sema Mughal. Nani atavuka bahari kwenda kuuliza? Na hatukuwa peke yetu. Siku ile bandarini walishuka wafalme wengi."

Kemilembe alitaka kucheka, akaona macho ya bibi, akaacha.

"Bibi, kwao mama yangu ni wahunzi. Marehemu mama. Wajomba zangu walifua majembe ya Kamachumu nzima. Mama alijivunia mpaka anaingia kaburini. Ukimkosea anakuambia, mimi ni binti wa moto, angalia."

Dadi alimtazama muda mrefu. Safari hii yeye ndiye aliyeonekana kutaka kujua.

"Kwenu mhunzi ni fahari?"

"Watu walikuwa wanawaogopa kidogo."

"Wanawaogopa!" Bibi alilirudia neno hilo kwa utamu, kama punje ya kahawa. "Na walikaa wapi? Wajomba zako. Walikaa wapi wageni wakija?"

"Kwenye viti, Bibi."

Dadi akatikisa kichwa, akatikisa tena.

"Sasa nieleze," Kemilembe alisema. "Kama hakuna Mughal, kwa nini Mughal lazima aoe Mughal?"

"Kwa sababu mtu wa nje anauliza. Kama wewe. Mughal wenzetu hawaulizi. Nao hawataki kuulizwa."

"Hakuna wa nje aliyewahi kuja?"

"Alikuja mmoja." Dadi alishusha sauti. "Rajput wa Kisumu, watu wa mashamba hao. Kijana anaitwa Sikandar. Alimtaka Nasreen wangu, na Nasreen alimtaka, alikuwa anaimba akifua. Mama yake kijana akawatuma ndugu zao kijijini kwetu wakaulize sisi ni nani. Wakajibiwa neno moja. Posa ikafa, na kwa aibu ya kuposa kwetu hawakumwambia mtu."

"Na Anti Nasreen ulimwambia nini?"

"Nilimwambia Sikandar ni mlevi."

Vijiko vililia kwenye sinia.

Nasreen alikuwa amesimama mlangoni na chai. Hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani. Dadi alisema kitu haraka kwa Kipanjabi, sauti ya kubembeleza.

"Sema Kiswahili, Mama," Nasreen alisema. "Mgeni naye asikie. Hakuwa mlevi?"

"Nasreen, puttar, mwanangu..."

"Hakuwa mlevi?"

"Hapana."

Nasreen aliweka sinia mezani. Alipanga vijiko, kimoja baada ya kingine, vikawa sawa.

"Nilimwona Kisumu," alisema. "Harusi ya binamu, unakumbuka? Aliniita kwa jina. Nilimgeuzia mgongo mbele za watu. Nilijisikia mwanamke mwenye msimamo." Akamimina chai. "Kwa pombe ambayo hakunywa."

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna wa nyumba ile aliyewahi kukifanya. Alikunja magoti, akakaa chini. Sakafuni, katikati ya sebule, na aproni yake, mbele ya mama yake.

"Inuka, Nasreen."

"Hapana."

"Nakuomba, inuka."

"Hapana, Mama."

Kemilembe alikuwa ameshika kikombe asichojua alikichukua saa ngapi. Alikuja kutafuta mlango wake, akafungua kaburi la mwingine. Alitamani kulirudisha swali lake mdomoni, lakini swali likishatoka halina pa kurudi. Alitamka jambo moja tu: "Nisamehe, Anti."

"Wewe umeuliza," Nasreen alisema bila kumtazama. "Mimi sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu."

Dadi alifuta uso kwa shuka. "Sasa unataka nini, msichana?"

Kemilembe akamweleza yote ya Igoma: baba yake, shamba la Mhinda, tope, kiapo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo baba yako anamkataa mjukuu wangu kwa sababu ya uongo wangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na nikimwambia kweli, kweli haitabaki Igoma. Wa Nairobi watajua. Ndugu zetu wa Kisumu watajua. Wanawake wa hapa mjini watajua kabla sijafika nyumbani."

"Ndiyo, Bibi."

Alitegemea bibi akatae. Sauti iliyojibu ilitoka sakafuni.

"Utasema, Mama," Nasreen alisema. "Kwangu hukusema. Kwa huyu mtoto utasema."

*

Jioni ile Tanvir alimpigia Kemilembe simu, wakakutana kwenye mawe ya ziwani, upande wa Kapripoint, watu wakiwa wengi na hakuna anayewajali. Alikuwa ameshaambiwa. Alionekana kama mtu aliyeshushwa mzigo lakini mabega hayajaamini.

"Kumbe mimi ni mhunzi," alisema.

"Ulidhani wewe ni nani, na mikono hiyo?"

Akaitazama mikono. Kitambaa alikuwa amekisahau. Kemilembe aliishika hivyohivyo, na grisi yake, akakibusu kiganja kimoja. Tanvir alifumba macho.

"Unanuka samaki," alisema.

"Na wewe unanuka moto. Nyamaza."

*

Igoma walikwenda Jumapili. Tanvir aliendesha, Dadi mbele, Nasreen nyuma na mfuko wa nyama ya mbuzi ambao hakuuachia mtu. Mzee Rwehumbiza alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia kichwani, uso wa mtu aliyekubali kupokea wageni lakini si posa. Pembeni yake walikuwa wameandaa kochi, kitambaa kipya juu yake.

"Karibu, Bibi. Kaa hapa."

Dadi alilitazama kochi. Akautazama mkeka uliokuwa chini. Akaanza kushuka, goti moja, kisha la pili, mifupa ikilia. Tanvir aliruka kumshika.

"Niache," Dadi alisema.

Alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, mikono mapajani.

"Mzee Rwehumbiza, mjukuu wangu alikuambia sisi ni wafalme. Alisema nilichomfundisha. Si kweli. Mimi ni Lohar, binti wa mhunzi. Baba yangu alikaa hivi mbele ya wenye shamba mpaka anakufa. Tangu nivuke bahari sijakaa hivi mbele ya mtu, na sikumruhusu mtu yeyote akae hivi mbele yangu. Leo nimekaa ili uone mwenyewe tulikotoka. Nimekuja kumwombea mjukuu wangu mke."

Kuku aliingia, akaangalia, akatoka. Kemilembe alimtazama baba yake na kuona kitu kinapita usoni mwake, kama mtu anayeona picha ya zamani.

Mzee Rwehumbiza alivua kofia. Akainuka kwenye kiti, akashuka, naye akakaa kwenye mkeka.

"Waitu," alisema kwa upole, kama Mhaya anavyomwita anayemheshimu. "Hivi ndivyo baba alivyokaa." Akaiweka kofia gotini. "Mke wangu alikuwa wa wahunzi, Bibi. Nilipokwenda kuposa, kaka zake walinicheka. Wakasema mlimaji wa mashamba ya watu atamweza wapi binti wa moto? Nilifukuzwa na kurudi mpaka mbwa wao wakaacha kunibwekea." Akamgeukia Tanvir. "Na wewe mbona hukusema?"

"Sikujua, mzee."

"Kwa hiyo ni Mhindi tu."

"Mhindi tu, Taata," Kemilembe alisema.

"Wa kufua chuma."

"Ndiyo."

"Basi kaa chini, kijana, unasimama kama askari kwa nini? Kemilembe, mletee Bibi kahawa."

Tanvir alikaa. Alimtazama Kemilembe juu ya vichwa vya wazee wale wawili, naye akamtazama, na safari hii hakuna aliyeangalia pembeni.

*

Kemilembe alipata mume. Vilivyoondoka ni hivi.

Binti wa Nairobi hakuja, na watu wa Nairobi hawakupokea tena simu kutoka Mwanza. Huko kulikuwa na binamu yake Tanvir, msichana asiye na kosa lolote, aliyekuwa amechumbiwa na watu wakubwa. Neno lilipofika uchumba ulivunjika. Alimpigia Kemilembe mara moja tu, akauliza, "Ulikuwa unataka kujua nini hasa?" akakata.

Akina mama aliokuwa Dadi akisoma nao Kurani kila Alhamisi walihamishia kisomo nyumba nyingine. Hakuna aliyemwambia. Alivaa, akasubiri, akavua.

Kibao cha karakana, chenye jina Mughal, kilishushwa. Tanvir alikikata kwa mkono wake, akakitumia kuziba paa la stoo.

Harusini Dadi alikaa upande wa kina Rwehumbiza, kwa sababu upande wake viti vilikuwa vitupu.

Na Nasreen anamletea mama yake chai asubuhi na jioni, kama zamani. Anaiweka mezani, hasemi neno, anarudi jikoni. Yake anainywa huko, amekaa chini.